Aliyepima Pumzi ya Fuko

Katika kijitabu ambacho chuo kilikitoa baada ya mazishi ya mume wangu kuna sentensi moja isemayo kwamba katikati ya utumishi wake "alikumbwa na misukosuko ya kitaaluma." Basi. Nukta, aya mpya, wanaendelea na mwaka aliostaafu. Msomaji akiachiwa pengo kama lile hulijaza mwenyewe, na watu wengi hawalijazi kwa mambo mazuri. Nimeshasikia kwamba alipika takwimu, kwamba alikamatwa, kwamba alinusurika kufukuzwa. Nina wajukuu wanaolitumia jina lake shuleni. Kwa hiyo nitaeleza yaliyotokea, kwa kuwa nilikuwapo na niliyaelewa. Nilifundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi. Si rahisi mtu kunichanganya kwa desimali.

Mume wangu alikuwa mtafiti wa wanyama. Alichunguza jinsi mwili wa mnyama unavyofanya kazi: moyo, pumzi, joto, chakula kinavyogeuka kuwa nguvu. Vilevile alichunguza jinsi mnyama huyo anavyoishi na mahali alipo, yaani udongo, mvua na jirani zake. Wenzake wengi walichagua upande mmoja wakakaa humo. Yeye hakuona kuwa ni pande mbili. Alikuwa akisema, ukimtoa mnyama kwake ukamweka mezani, umempima mgeni, hujampima mwenyeji.

Mnyama wake alikuwa fuko. Kwa asiyemjua, ni kama panya mnene mwenye manyoya laini ya kung'aa, macho kama tundu za sindano, na meno yaliyotokeza nje ya midomo ili aweze kuchimba bila kula udongo. Huishi chini ya ardhi peke yake, katika njia alizozichimba mwenyewe, na hamkaribishi mtu. Mkulima humjua kwa viazi vinavyopotea kutokea chini. Watu walimuuliza mume wangu kwa nini asingechagua simba, maana simba wana wafadhili.

"Simba kila mtu anamjulia hali," alijibu. "Huyu hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza anaendeleaje."

Alizaliwa nyumba ya fundi cherehani, mtoto wa pili. Baba yao alipofariki mapema, kaka yake mkubwa ndiye aliyebaki kama baba. Shemeji huyo alikuwa meneja wa benki, mtu wa suti na kauli nzito, na kila alichofaulu mdogo wake alikihesabu kama amefaulu yeye. Simlaumu. Alikuwa ameshika ile familia tangu akiwa kijana, na mtu aliyeshika kitu kwa muda mrefu hujisahau akadhani ni mkono wake.

Maabara ya mume wangu ilikuwa chumba cha kufulia cha bweni la zamani. Masinki ya saruji yalipangana ukutani upande mmoja, na dirisha lilitazama maegesho ya magari. Masanduku ya udongo yalifunikwa vitambaa vyeusi ili fuko wapate giza lao. Mtu akiingia alipokewa na harufu ya shamba lililonyeshewa, na hiyo ndiyo harufu aliyorudi nayo nyumbani kwenye mashati. Jumamosi alikwenda sokoni kununua viazi vitamu kwa gunia, mpaka muuzaji mmoja akashindwa kuvumilia.

"Baba, kwako mko wangapi?"

"Kumi na wawili, na hakuna anayesema na mwenzake."

"Mungu wangu! Ni wake?"

"Ni fuko."

"Afadhali," yule mama akasema, akamwongezea viazi viwili.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Alimweka fuko ndani ya chombo cha kioo, akakiziba kabisa kwa muda mfupi, kisha akavuta hewa kidogo kutoka ndani na kupima oksijeni iliyopungua. Oksijeni ikipungua sana, mnyama anatumia nguvu nyingi. Ikipungua kidogo, anatumia nguvu kidogo. Shida ni kwamba fuko akishtuka anahema haraka, na kipimo kinaharibika. Vifuniko vya chuma vilivyoletwa pamoja na chombo kile viligonga kioo kwa kelele, mnyama akaruka. Mume wangu akamwonea huruma. Akaweka vizibo vya mpira laini, visivyotoa hata mlio, na fuko wakatulia kama wamelala. Wenzake walisifu sana uvumbuzi ule. Nami nilidhani ni jambo la busara.

Tarakimu zilizotoka zilikuwa za kushangaza. Fuko alionekana kutumia oksijeni nusu tu ya ile inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Alirudia, zikatoka vilevile. Akaandika makala, jarida kubwa likaichapisha, na jina letu likaanza kutajwa katika vyuo ambavyo hatukuwahi kuvikanyaga. Alialikwa kwenye mikutano. Watafiti wengine wakaichukua tarakimu yake wakajengea juu yake. Idara ikapeleka jina lake kwenye kamati ya kupandisha vyeo, na shemeji, kabla kamati haijakaa, akawa anaitwa ofisini kwake "kaka wa profesa."

Siku moja, wiki chache kabla ya kikao hicho, mume wangu aliamua kusafisha vyombo vyake vyote kwa ajili ya wageni waliokuwa wanakuja kuviona. Aliosha kizibo kimoja chini ya bomba, akakiinua dirishani kukikagua. Kwa nje kilikuwa kizima. Kwa ndani, kuzunguka pale mrija unapopita, kulikuwa na kijifereji chembamba, kimechongwa kwa ustadi. Fuko alikuwa ametafuna.

Alikirudisha kizibo mahali pake, akasukuma hewa ndani ya chombo kwa pampu ya mkono, akapaka povu la sabuni kuzunguka mpira. Povu likaanza kuvimba. Akajaribu kizibo cha pili na cha tatu. Vingine vilikuwa vizima, vingine vilivuja kama cha kwanza. Hewa ya nje ilikuwa inaingia taratibu wakati wa vipimo, inajaza oksijeni aliyoivuta mnyama, na mashine inasema mnyama amevuta kidogo tu. Alikuwa amevipima vizibo vilipokuwa vipya. Baada ya hapo alivikagua kwa macho tu, kwa nje, ili asigongegonge vyombo karibu na wanyama.

Alirudi nyumbani mapema, akakaa jikoni na koti lake.

"Mwalimu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "wale fuko hawapumui nusu. Wanatafuna."

Nikazima jiko. Akanieleza kama nilivyoeleza hapa. Nilimuuliza swali moja: "Una hakika?"

"Karibu. Kesho nitaweka vile vifuniko vya chuma na wanyama walewale. Tarakimu zikipanda, nina hakika."

Zilipanda. Alifanya hivyo kwa wanyama wote aliokuwa nao, na kila mmoja tarakimu yake ilipanda.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole asiyependa mawimbi. Alimshika mume wangu bega ukumbini, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, kila mtu humu ana kitu chake kinachovuja. Wewe tu ndiye umekosa siri. Acha kamati ikae kwanza."

"Kamati itakaa juu ya nini, kama makala ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Ni ya... haijakamilika."

"Mkuu, chombo kinavuja. Hakuna kinachovuja nusu."

Shemeji alifika Jumapili. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akaingia moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Nani mwingine ameliona hilo tundu?"

"Nimeliona mimi," mume wangu akasema.

"Nimeuliza mwingine."

"Kaka, mimi sitoshi?"

"Wewe huhesabiwi. Hakuna mtu anayejipeleka polisi mwenyewe. Kamati inakaa karibuni. Ukishakuwa profesa utasahihisha unachotaka, hata kamusi nzima ukipenda."

"Niwe profesa kwa tundu la fuko?"

"Usiniletee maneno ya hotuba! Nimeshawaambia watu. Mpaka dereva wangu anajua."

"Pole, Kaka. Mwambie dereva asubiri."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe ni mtu mwenye akili. Mwambie mumeo. Hili ni jina la ukoo mzima."

"Shemeji," nikamjibu, "kama jina la ukoo limeshikiliwa na kizibo cha mpira, basi liko pabaya kuliko unavyodhani. Kunywa chai, inapoa."

Hakuinywa. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena kwetu. Tulipokutana kwenye shughuli za ukoo alimtambulisha mume wangu kwa wageni kama "mdogo wangu, anafundisha fundisha huko chuoni." Hilo "fundisha fundisha" lilinichoma kuliko matusi.

Mume wangu aliliandikia jarida akaiondoa makala yake, akaeleza sababu waziwazi, mpaka mahali fuko alipoanzia kutafuna. Kisha akawaandikia mmoja mmoja watafiti wote aliojua kwamba wameitumia tarakimu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyekuwa amegundua. Ndiyo misukosuko yenyewe hiyo, kama chuo kinataka kuiita hivyo.

Kamati ililiweka pembeni jalada lake. Ufadhili ukakatika. Wanafunzi wake wa shahada za juu wakahamishiwa kwa wengine, na maprofesa waliokuwa wakimsalimia kutoka mbali wakawa na haraka. Kwenye chumba cha chai walimpa jina jipya, Bwana Kizibo. Hayo yote aliyabeba. Jambo lililobaki kumfuata kila alipokwenda lilikuwa swali moja lililoulizwa nyuma yake: kama amekiri hili moja, ni mangapi hajayakiri? Mtafiti hana mali nyingine zaidi ya kuaminiwa. Kama hakuna mtu atakayeamini tena tarakimu iliyotoka mkononi mwake, hata akipima mpaka azeeke, ni sawa na mtu anayeongea peke yake chumbani. Alilijua hilo, nami nililijua. Alifunga kibwebwe, akarudi kwenye kile chumba cha kufulia kuanza upya.

Wa kwanza kuja kumkabili ana kwa ana, kati ya wale aliowaandikia, alikuwa mwanamke. Alitoka chuo cha mji mwingine, mdogo kwetu kwa umri, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa mtafiti wa popo, na sisi tukazoea kumwita Mama Popo. Alipiga hodi mlangoni kwangu kama anayedai nyumba.

"Kwa Bwana Kizibo ni hapa?"

"Hapa ni kwa Daktari," nikamwambia. "Wewe ni nani?"

"Ni mtu aliyetupa sura tatu za kitabu chake kwa sababu ya mumeo, mama."

"Basi ingia. Hayo hayasemwi mtu akiwa amesimama."

Aliingia, akamkuta mume wangu mezani. Hata kumsalimia alisahau.

"Umeniponza, Mzee. Nimelinganisha popo wangu na fuko wako miaka yote hii."

"Nimekuponza. Kaa."

"Na nisipokaa?"

"Utachoka. Maelezo ni marefu."

Alikaa. Mume wangu alimweleza kila kitu, kisha akampeleka maabara akamwonyesha vizibo, vifuniko vya chuma, na tarakimu mpya. Yule mama alihoji kama wakili. Alipinga hiki, akataka kile kirudiwe mbele yake, akapaka sabuni kwa mkono wake mwenyewe. Jioni waliporudi nyumbani, bado alikuwa amekunja uso.

"Sawa, ya zamani umeifuta. Hizi mpya nitaziamini kwa lipi?"

"Usiziamini."

"Unasemaje?"

"Nimesema usiziamini. Mimi mwenyewe sijaziamini, ndiyo maana bado napima."

Mama Popo akachukua mkoba wake. "Mama," akaniambia mlangoni, "mumeo ni mtu mgumu kumgombeza." Akaenda zake, bila kutuahidi lolote.

Tarakimu mpya hazikuwa na maajabu. Fuko alitumia oksijeni pungufu kidogo kuliko wanyama wa uzito wake, pungufu kweli, lakini si nusu. Mtu mwingine angeandika masahihisho hayo, akafunga mlango, akatafuta mnyama mwingine. Mume wangu alihisi kwamba bado hajamuuliza fuko swali lililo sahihi. Wanyama wake walikuwa wamezeeka na kuzoea vyombo, akahitaji wapya. Kwa kuwa hakuwa tena na wanafunzi wa kumsaidia, likizo za shule nilikwenda naye mimi, nikiwa nimevaa suruali yake ya zamani na kofia.

Wakulima walituruhusu kwa furaha, wakidhani tumetumwa kuangamiza. Mwenye shamba mmoja alisimama kwenye tuta akanitazama nimeshika ndoo.

"Dada, huyo mumeo anatafuta nini huko chini, hazina?"

"Anamtafuta fuko."

"Akimpata anamuua?"

"Anampima pumzi."

Alinionea huruma. "Na watoto mnao?"

"Wanne."

"Haya, kama wanne wapo, mwache acheze."

Fuko hakamatwi kwa kukimbizwa. Unafungua njia yake kwa jembe, unaacha mwanga na upepo uingie, kisha unakaa kimya nyuma ya tundu ukiwa umeinua jembe. Fuko hawezi kuvumilia upepo ndani mwake. Atakuja mwenyewe, mbio, akisukuma udongo kwa kifua ili azibe. Akishafika, unashusha jembe nyuma yake kumkatia njia ya kurudi, unamtoa kwa mkono wenye glovu. Mume wangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Asubuhi moja, baada ya mvua, nilimwona ameinua jembe, fuko akatokea, akasukuma udongo wake, akaziba tundu, akarudi zake. Jembe likabaki juu.

"Mbona umemwacha?" nikamuuliza.

"Umeona alichofanya?"

"Nimeona umemwacha."

"Mwalimu, hewa safi imemfikia mlangoni, akaifukuza." Aliliweka jembe chini, akakaa juu ya tuta lenye matope bila kujali. "Huyu anaishi ndani ya pumzi yake mwenyewe. Anaitoa, anaivuta, anaitoa. Na mimi miaka yote nampima kwa hewa ya dirishani. Nimempima mgeni! Mimi, ninayewasema wengine!"

Nikamwambia ainuke, suruali zangu na zake zilikuwa chache. Aliinuka akicheka, na tangu siku ile kazi yake ikabadilika.

Alichukua mrija mwembamba kama waya, akaupenyeza ndani ya njia za fuko bila kuzibomoa, akavuta hewa ya mle kwa bomba la sindano. Alifanya hivyo kiangazi na masika, udongo wa kichanga na wa mfinyanzi. Masika, udongo ukishalowa na kuziba kila kitundu, hewa ya mle ilikuwa mbaya kiasi cha kumpa mtu kizunguzungu: oksijeni kidogo, na hewa ya ukaa tele. Aliporudi maabara alichanganya hewa ya namna ileile, akaiingiza polepole katika chombo cha panya wa kawaida. Panya akahema, akahangaika kutafuta pa kutokea, na mume wangu akamrudishia hewa safi mara moja. Akaiingiza kwa fuko. Fuko aliendelea kutafuna kiazi. Akampa udongo, akaendelea kuusukuma, huku akitumia oksijeni kidogo zaidi kuliko alivyotumia kwenye hewa safi, na bila dalili ya shida. Hapo ndipo palikuwa na ajabu yake, na kizibo kibovu kisingeweza kuionyesha.

Safari hii vifuniko vilikuwa vya chuma, vimefungwa kwa skurubu, na alivipima kwa sabuni kabla ya kila mnyama na baada ya kila mnyama. Kelele ya vyuma aliitibu kwa uvumilivu: alimwacha mnyama ndani mpaka atulie, hata kama asubuhi nzima itapotea. Ilimchukua miaka. Watoto wetu wawili walimaliza shule katika muda huo, na mmoja wao akasema hadharani kwamba hatasoma chochote chenye mkia.

Alipoandika na kupeleka kwenye jarida, makala ilirudi. Mmoja wa wahakiki wa jarida alikuwa ameandika kwamba kazi ni nzuri, lakini kwa kuzingatia yaliyopita, matokeo ya maabara hii yangehitaji kuthibitishwa kwanza na maabara nyingine. Kwa lugha ya nyumbani, hatuwezi kukuamini.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kukaa. "Baada ya yote uliyoyafanya! Wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia!"

"Wana haki," akasema.

"Haki gani?"

"Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo." Akaenda kwenye simu, akampigia Mama Popo.

Nilimsikia akimweleza. Achague wanyama wake mwenyewe, kutoka mashamba anayoyataka. Atumie vyombo vyake. Yeye hatakwenda, hatatuma mtu, hatatuma hata skurubu. Alipomaliza nikamuuliza kwa nini, kati ya watafiti wote, amemchagua mtu aliyekuja kumtukana nyumbani kwake.

"Rafiki hawezi kunisaidia hapa, Mwalimu. Rafiki akikubali, watasema ni rafiki."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema akinikuta nimekosea tena ataandika kwa herufi kubwa. Nikamwambia aandike."

Kisha ukaja muda wa kusubiri. Alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akasahihisha mitihani, akawalisha fuko wake. Hakupima kitu, kwa sababu alisema hataki kujidanganya zaidi mpaka ajue. Nguvu alizobaki nazo alizileta nyumbani. Alitengeneza kila bomba linalovuja mpaka nikamwomba aniachie hata moja, nami nipate cha kulalamikia. Watu walimuuliza anaendeleaje na fuko wake, kwa ile sauti ya kumuuliza mtu habari za mgonjwa asiyepona. Akawajibu kwamba anasubiri. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza.

Simu ililia mchana mmoja, likizo, nikiwa nasahihisha madaftari sebuleni. Nikaipokea.

"Mama, hujambo. Nipe Mzee."

"Ni habari nzuri au mbaya?"

"Nipe Mzee, mama."

Aliipokea amesimama. Sauti ya Mama Popo haikuhitaji kutegewa sikio. Niliisikia yote kutoka kitini.

"Vifuniko ulivipima kabla na baada?" mume wangu akauliza.

"Kabla na baada."

"Wanyama walikuwa wameshiba au wana njaa?"

"Nimepima wote, walioshiba na wenye njaa."

"Joto la chumba halikubadilika? Na wakubwa ulitenganisha na wadogo?"

"Mzee! Unataka nikosee?"

"Nataka uwe umejaribu kunivunja."

"Nimejaribu! Mwaka mzima nimejaribu, kwa moyo wangu wote, Mungu ni shahidi. Nilitamani nikukute umekosea nikalale usingizi. Haivunjiki. Nimepata ulichopata wewe, hewa mbaya na yote. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi sema kitu."

"Asante. Iandike, uwape na wengine wajaribu."

"Hivi ukishukuru kama watu wengine utapungukiwa nini?" akasema, akakata simu.

Mume wangu aliendelea kushika mkono wa simu. Niliutoa mkononi mwake, nikaurudisha mahali pake, nikamketisha. Hakulia, na kama angelia nisingeandika hapa.

Makala yake na ya Mama Popo zilichapishwa pamoja, mwaka uliofuata, na watafiti wengine wamezijaribu tangu hapo. Uprofesa hakuupata. Kamati ilikuwa na watu wapya na mambo mapya, naye hakulirudisha jalada lake. Alistaafu akiwa mhadhiri mwandamizi, na yeyote atakayesema cheo hicho ni kidogo aje anieleze mimi.

Lakini mchana ule wa simu, kabla hata chakula hakijaiva, nilimpigia shemeji ofisini kwake. Nilikuwa sijazungumza naye zaidi ya salamu kwa muda mrefu.

"Shemeji, hujambo. Tarakimu za ndugu yako zimepimwa na mtu asiyempenda, zimesimama."

"Nani kasema?"

"Huyohuyo asiyempenda."

Nikamsikia akifunga mlango wa ofisi yake. "Kwa hiyo sasa watu niwaambie nini?"

"Waambie alikosea, akasema amekosea, akapima upya. Kwa mpangilio huohuo."

"Hiyo ya kukosea lazima?"

"Ndiyo ya kwanza. Ukiiruka, usiseme lolote kuhusu mume wangu."

Alishusha pumzi ndefu kwenye simu. Nilidhani atakasirika, nikajiandaa. "Nitakuja Jumapili nimwone," akasema.

"Jumapili tutakuwa shambani, tunachimba. Ukija, vaa viatu vya kazi."

Alikuja. Alivaa viatu vya ofisini, vyeusi, vimepigwa rangi, na mdogo wake alipomwonyesha pa kusimama, jembe alilishika shemeji mwenyewe.